Kuunganisha Masomo Mawili Chuo Kikuu: Shauri la Kupangwa Mapema

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa, shauri moja hujaa katika nyumba nyingi za Kenya: mtoto aende akasome nini? Mjomba ataka daktari, shangazi ataka mwanasheria, na kijana mwenyewe amesikia jina la shahada fulani likampendeza masikioni. Mara nyingi shauri huishia hapo, kana kwamba kupata nafasi chuoni ndiyo kazi yote. Lakini nafasi ni mlango tu. Yaliyomo ndani ya nyumba, yaani masomo yapi yaweza kuunganishwa na yapi hayawezi, lipi hufundishwa kila mwaka na lipi huandikwa katika kitabu cha chuo tu bila kufundishwa, hayo watu wachache huyauliza kabla ya kuingia. Wengine huyajua mwaka wa tatu, nao wamekwisha kuchelewa.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba shahada si kitu kimoja kizima kama mkate. Ni mkusanyiko wa kozi nyingi ndogo zinazofundishwa muhula kwa muhula, na kwa kawaida shahada ya miaka minne huwa na mihula minane. Baadhi ya shahada, kama vile utabibu na uhandisi, zimepangwa zote na chuo, wala mwanafunzi hana mengi ya kuchagua. Nyingine humtaka mwanafunzi achague mwenyewe masomo makuu mawili, au somo kuu moja na jingine dogo la kulisindikiza. Shahada ya ualimu wa shule za sekondari ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maana kila mwalimu hutazamiwa afundishe masomo mawili. Shahada za fasihi na sayansi ya jamii nazo hufuata njia hiyo katika vyuo vingi. Ni katika shahada za namna hii ndipo vijana hupotea.

Wazee husema, mshika mbili moja humponyoka. Katika jambo hili neno hilo ni kweli nusu tu. Kuna masomo mawili ambayo ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, kila mmoja humsaidia mwenziwe. Mwanafunzi wa fizikia hawezi kwenda mbali bila hesabu. Kwa hiyo anayesoma hesabu pamoja na fizikia, kazi afanyayo upande mmoja humpunguzia kazi upande wa pili. Mwanafunzi wa uchumi akichukua takwimu, au wa historia akachukua Kiswahili, hupata faida kama hiyo: yule wa historia atasoma tenzi na maandiko ya kale ya pwani kwa macho ya mwanafasihi na ya mwanahistoria pia. Kuna masomo mengine ambayo hayana uadui wala udugu, nayo huweza kuunganishwa pasipo shida. Yakaliayo kijana vibaya ni yale mawili ambayo kila moja ladai muda wote. Kwa mfano, masomo mawili ya sayansi yenye kazi ndefu za maabara kila alasiri, au lugha mbili ngeni zinazoanzwa zote pamoja kutoka mwanzo. Mwenye nguvu aweza, lakini na ahesabu saa zake za juma kabla ya kujifunga.

Tena kuna sababu ambayo haihusiani kabisa na akili ya mwanafunzi. Nayo ni ratiba. Chuo chenye masomo mengi hakiwezi kulipa kila somo saa yake peke yake. Madarasa hayatoshi wala siku haina saa za kutosha. Kwa hiyo wapanga ratiba huyaweka masomo katika mafungu, na masomo yaliyo katika fungu moja hufundishwa saa ile ile. Yakiwa jiografia na fasihi ya Kiingereza yako fungu moja, basi katika chuo hicho hakuna awezaye kuyaunganisha, hata angekuwa na alama za juu namna gani. Katika chuo cha pili masomo hayo hayo huenda yakawa katika mafungu mbalimbali, na vijana wakayasoma pamoja bila taabu. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akikataliwa mchanganyiko autakao ameonewa. Aghalabu hakuonewa, ni saa mbili zilizogongana.

Jambo la kugombania saa ni dogo likilinganishwa na lile la mahali. Historia ya elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki yaonyesha hivyo. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, iliungana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949 na kuwafundisha vijana wa nchi zote hizi. Kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alipanda gari la moshi kwenda Kampala. Aliyetaka sheria hakuipata Makerere wala Nairobi. Ilimlazimu kuvuka bahari, mpaka chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, na sheria ndiyo iliyokuwa somo lake la kwanza. Uhandisi ulikuwa Nairobi, katika chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na udaktari wa wanyama ukawa Kabete. Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu vikafanywa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, na mgawanyo huo ukaendelea: kila chuo na kazi yake, ili nchi moja isipoteze fedha kwa kujenga kile ambacho jirani yake alikuwa nacho tayari. Chuo Kikuu hicho kilivunjwa mwaka 1970, na kila nchi ikasimamisha chuo chake.

Mwanafunzi wa siku zile alijua tangu shuleni kwamba somo lina mji wake. Leo vyuo vikuu vya Kenya ni vingi, na wingi huo umewafanya watu wasahau. Huonekana kana kwamba kila kitu kipo kila mahali. Sivyo. Kozi moja yaweza kuwa katika vyuo ishirini, na nyingine katika vyuo viwili tu. Na hata jina likiwa moja, vilivyomo ndani ya kozi hiyo si sawa, kwa kuwa kila idara hufundisha kwa nguvu ya wahadhiri ilio nao.

Kuhusu kuingia chuoni, idara iitwayo KUCCPS ndiyo inayowagawia wanafunzi nafasi zinazosaidiwa na Serikali. Jambo ambalo wazazi wengi hawajalielewa ni kwamba alama ya jumla haitoshi. Kila shahada ina masomo yake manne yanayotazamwa hasa. Kila somo katika mtihani huhesabiwa kuanzia pointi 1 kwa alama ya E mpaka pointi 12 kwa alama ya A. Kwa hiyo masomo saba ya mtihani yaweza kufikia pointi 84, na yale manne yatazamwayo yaweza kufikia 48. Msomaji na awafikirie wanafunzi wawili wenye pointi 60 kila mmoja, yaani wote wawili wamepata B. Wa kwanza ana 11 katika hesabu, 10 katika fizikia, 10 katika kemia na 8 katika jiografia, jumla 39. Masomo yake matatu yaliyobaki yana 7 kila moja. Wa pili ana 7 katika hesabu, 6 katika fizikia, 7 katika kemia na 10 katika jiografia, jumla 30; na yale matatu mengine, ambayo ni lugha mbili na historia, yana 10 kila moja. Baba zao hukutana sokoni na kupongezana kwa B iliyo sawa. Lakini mmoja aweza kuomba uhandisi akatumaini, na wa pili akiomba huo huo atakuwa ametupa nafasi ambayo ingemfikisha vizuri katika sheria, au ualimu wa lugha, au uandishi wa habari.

Kwa upande wa ualimu liko jambo zito zaidi. Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, imekuwa ikidai kwamba mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe na alama ya C+ kwa jumla katika mtihani wake wa sekondari, na tena C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Msichana aliyepata B kwa jumla, na A katika historia, na C katika Kiswahili, akichukua historia na Kiswahili chuoni, aweza kufaulu miaka yote minne na kuvaa joho siku ya mahafali, kisha ile C ya shuleni ikamngojea mlangoni pa TSC. Hapo hakuna bidii ya chuoni itakayoifuta. Kama angechukua historia na dini, au historia na jiografia, ikiwa alama zake huko zilikuwa nzuri, njia yake ingekuwa wazi. Tofauti hiyo yote hutoka katika karatasi moja iliyojazwa juma la kwanza, mara nyingine kwa haraka, mara nyingine kwa kufuata rafiki.

Wako pia wanaounganisha somo linalofundishwa shuleni na lisilofundishwa. Sosholojia, falsafa na saikolojia ni masomo yenye thamani, nayo yana kazi zake. Lakini hayamo katika orodha ya masomo ya shule za sekondari. Mwenye historia na sosholojia, akitaka baadaye kuongeza stashahada ya ualimu, atajikuta ana somo moja la kufundisha badala ya mawili. Si vibaya kusoma sosholojia. Kibaya ni kuisoma kwa nia ya kuwa mwalimu pasipo kuuliza.

Basi mwanafunzi akishakuwa na masomo yake mawili, kazi iliyobaki ni kupanga mihula minane. Wengi hupanga muhula mmoja mmoja, kama mtu avukaye mto kwa kutafuta jiwe la mbele tu. Inafaa zaidi kuanza mwisho na kurudi nyuma. Na aulize: ni kozi zipi ambazo ni lazima ziwe zimemalizika ili apewe shahada? Kila moja yadai kozi gani iitangulie? Na ile iitanguliayo hufundishwa muhula gani?

Mfano wa hesabu na fizikia utaeleza. Tuseme chuoni kuna mlolongo wa kozi sita. Kalkulasi ya kwanza hufundishwa muhula wa 1 na ya pili muhula wa 2. Hizo zikimalizika, hufuata milinganyo ya kalkulasi katika muhula wa 3. Bila milinganyo hiyo mwanafunzi hapokelewi katika fizikia ya atomi, inayofundishwa muhula wa 5. Baada yake huja fizikia ya kiini cha atomi muhula wa 6, na mwisho mradi wa utafiti unaoanza muhula wa 7. Kila kozi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Sasa kijana aingia chuoni na kemia na biolojia, akae mwaka mzima, kisha aone kwamba moyo wake u katika hesabu na fizikia. Idara yampokea. Aanza kalkulasi ya kwanza muhula wa 3, ya pili muhula wa 4, milinganyo muhula wa 5. Fizikia ya atomi nayo hufundishwa muhula huo huo wa 5, lakini yeye hawezi kuichukua kwa kuwa milinganyo hajaimaliza. Yambidi angoje mpaka muhula wa 7. Kiini cha atomi ataikuta muhula wa 8, na mradi utaanza muhula wa 9. Muhula wa 9 ni mwaka wa tano. Kijana hakufeli hata mtihani mmoja, naye amechelewa mwaka mzima.

Mwaka wa tano si hesabu ya karatasi. Ni kodi ya chumba, ni chakula, ni nauli, ni karo, na hapana mtu wa kumhakikishia kwamba mkopo wa HELB, uliopangwa kwa muda wa kawaida wa shahada, utamfuata huko. Nyumbani yupo mdogo wake aliyetazamia kwamba kaka yake akimaliza ndipo na yeye ataanza. Katika jamaa ya mkulima mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, mwaka mmoja wa mkubwa waweza kuwa mwaka wa mdogo kukaa nyumbani. Hii haina maana kwamba kijana asibadili masomo. Akibadili, na abadili mwaka wa kwanza kabla ya majuma mengi kupita, na afanye hesabu hii kwanza, akiwa amekaa na mhadhiri anayeijua.

Jambo jingine la kujihadhari ni tofauti kati ya kozi zilizoandikwa na kozi zinazofundishwa. Kitabu cha mwongozo cha chuo huorodhesha kila kozi ambayo idara imeruhusiwa kufundisha. Kozi nyingine zimeandikwa humo miaka mingi. Mhadhiri aliyeifundisha huenda amestaafu, au amekwenda masomoni, au wanafunzi walioiomba hawafikii idadi inayotakiwa, na idara ikaiahirisha. Kozi za kuchagua katika mwaka wa tatu na wa nne ndizo hupatwa na jambo hili zaidi. Nyingine hufundishwa mwaka mmoja, zikaachwa wa pili. Kwa hiyo aliye na busara hatazami kitabu peke yake. Hutafuta ratiba za miaka miwili au mitatu iliyopita, azilinganishe. Kozi iliyoonekana mara tatu katika miaka mitatu ni ya kutegemea. Iliyoonekana mara moja ni ya kuchukua mara ile itokeapo. Na ambayo haikuonekana kabisa, mtu asijenge mpango wake juu yake. Ratiba hizo hubandikwa ukutani na kusambazwa kwa simu, kisha hutupwa. Wanafunzi wa mwaka wa nne mara nyingi bado wanazo, nao hufurahi kuulizwa.

Yafaa pia kuacha nafasi. Mwaka 2020 vyuo vyote vilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na mwaka 2017 na 2025 migomo ya wahadhiri wa vyuo vya umma ilikata masomo katikati. Mwanafunzi ambaye ameziacha kozi zote nzito muhula wa mwisho hana pa kusukumia jambo likitokea. Kozi za lazima na zichukuliwe mapema iwezekanavyo, na za kuchagua zibaki nyuma, kwa kuwa hizo zaweza kubadilishana nafasi.

Katika kazi zenye bodi yake, kama uhandisi, sheria na utabibu, pana swali la ziada. Je, bodi ya kazi hiyo yaitambua shahada ya chuo hiki? Miaka ya 2010 walikuwako wahitimu wa uhandisi nchini Kenya waliotoka chuoni na shahada mikononi, wakaambiwa na bodi kwamba kozi yao haijakubaliwa. Wengine waliingia mahakamani. Kijana aliyejitesa miaka mitano hastahili kulipata jambo hilo kwa mshangao, na swali lenyewe huulizwa kwa barua moja tu kabla ya kulipa karo.

Vijana wanaokwenda kusoma Marekani hukuta desturi nyingine. Tangu lile kundi la wanafunzi 81 lililosafirishwa kwa ndege mwezi wa Septemba 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, wengi wameshangaa kuona kwamba huko mwanafunzi aweza kuingia chuoni pasipo kutaja somo lake kuu. Huonja masomo mbalimbali, na kwa kawaida hutakiwa kutaja somo kuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Akitaka, huchukua makuu mawili. Uhuru huo ni mtamu, lakini huko nako mlolongo wa kozi upo. Atakaye uhandisi au utabibu akionja falsafa na muziki mwaka mzima bila kugusa hesabu na kemia atajikuta mahali pale pale pa yule kijana wa muhula wa 9. Tena karo ya huko huhesabiwa kwa dola.

Uchaguzi huu sasa umeanza kuteremka mpaka shuleni. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia darasa la 10, nao hufuata mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto huchagua na masomo yake ndani ya njia hiyo. Si kila shule hufundisha kila somo, kwa hiyo mzazi wa kijijini ambaye binti yake ataka fizikia hana budi kuuliza kama shule aliyopangiwa inaye mwalimu wa fizikia na chumba cha maabara, kabla ya kununua sare.

Mwisho kuna karatasi. Idara ikimruhusu mwanafunzi kuunganisha masomo ambayo hayamo katika orodha ya kawaida, au kuchukua kozi moja badala ya nyingine, ruhusa hiyo na iandikwe, itiwe sahihi na muhuri, naye abaki na nakala yake. Wakuu wa idara hubadilika, na faili hupotea. Miaka minne baadaye, majina ya wahitimu yanapokaguliwa kabla ya mahafali, karani atakayekuwa mezani hatakuwa na habari ya mazungumzo yaliyofanyika ofisini mwaka wa kwanza. Atatazama kilichomo katika faili.